Safari ya kumfuata John Constable, mtoto wa mwenye mashine: London, Flatford, Dedham, Ipswich hadi Hampstead

Ijumaa, London

Tumeingia National Gallery, jumba la picha, saa kumi na moja jioni mabegi bado mgongoni, maana siku za Ijumaa wanafunga saa tatu usiku na nilitaka tuanze na picha yenyewe kabla hatujaenda kuona mahali ilipotoka. Nimeambatana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambae marehemu baba yake alikuwa na mashine ya kusaga kule Makambako na yeye amekulia pale pale kwenye vumbi la unga, na ndio sababu nilimng'ang'aniza aje. John Constable, mchoraji wa mandhari wa Kiingereza, nae ni mtoto wa mwenye mashine. Nimesoma mengi walioandika wataalamu juu ya huyu mchoraji, mara mwanga, mara hisia, mara uromantiki, na sibishani nao, ila mimi kila nikikaa mbele ya picha zake naona kazi. Naona mtu anaejua gunia linabebwaje na farasi anachokaje.

Picha yenyewe ni The Hay Wain, ya mwaka 1821. Jamani ni kubwa, kwenye simu huwezi kuelewa, upana wake unakaribia mita 1.9 na kwenda juu mita 1.3. Waingereza wameshaibandika kwenye makopo ya biskuti na kalenda mpaka wengi wanapita mbele yake kama wanaijua tayari, nimewaona leo, mtu anapiga picha na simu sekunde mbili anaondoka. Sisi tukakaa kwenye benchi. Mkokoteni mtupu umeingia mtoni, farasi watatu wenye vitu vyekundu shingoni, jamaa wawili juu yake, mbwa kasimama ukingoni anawaangalia, kushoto ile nyumba na mama kainama kwenye maji, kulia kwenye matete kuna mvuvi na boti yake. Shem akanyamaza muda mrefu alafu akasogea karibu kabisa mpaka mlinzi akamtupia jicho, akaniita, "Shem njoo uone huku nyuma." Na kweli, mbali kule kulia ng'ambo ya mto kuna watu wadogo wadogo wanakata majani na gari jingine linapakiwa. Akaniambia hili tupu ndio linaenda, lile kule likijaa linarudi, hawa wanapokezana. Miaka yote naiangalia hii picha sijawahi kuiwaza kama zamu ya kazi, yeye kaiona kwa dakika kumi.

Kitu kingine ambacho watu hawajui, hii picha haikuchorewa mtoni. Ilichorewa London kipindi cha baridi, na Constable akawa hana uhakika mkokoteni wa majani kwao umeungwaje, kwahiyo Februari 1821 mdogo wake Abram akamtumia mchoro wa mkokoteni aliouchora Johnny Dunthorne, kijana wa pale kijijini, na Abram akaandika kabisa kwamba kijana amefanya hiyo kazi kwenye baridi kali. Yani mtu anachora picha inayoonesha kiangazi saa sita mchana, anashindwa kuendelea mpaka apate vipimo vya tairi! Hiyo ndio heshima ninayoizungumzia.

Ilipooneshwa Royal Academy, chama cha wasanii kule London, mwaka huo haikupata mteja. Baadae akatokea mfanyabiashara wa Paris anaitwa Arrowsmith akatoa pauni 70, Constable akakataa, mwishowe wakaelewana pauni 250 kwa Hay Wain pamoja na picha nyingine kubwa ya mto Stour na ndogo moja ya nyongeza. Mwaka 1824 zikaingia kwenye maonesho ya Salon kule Paris, mji mzima ukazizungumzia, mfalme Charles X akatoa medali ya dhahabu, na mchoraji wa Kifaransa Delacroix baada ya kuziona akarudi kupaka upya sehemu ya picha yake ya mauaji ya Chios. Constable mwenyewe hakwenda kuchukua sifa, na katika maisha yake yote hakuwahi kutoka Uingereza.

Kabla ya kutoka tukapita kwenye picha za Turner, mchoraji mwenzake wa Kiingereza, maana hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja tu tofauti na walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mwaka 1832 picha ya Constable ya kufunguliwa kwa Waterloo Bridge ilitundikwa pembeni ya picha ya bahari ya Turner, ile ya Constable imejaa rangi nyekundu na dhahabu, ya Turner kijivu. Turner akaja, akaangalia, akaweka tone moja jekundu katikati ya bahari yake akaondoka bila kusema neno, na baadae akarudi akaligeuza lile tone kuwa boya. Constable alipoliona akasema amekuja hapa, amefyatua bunduki. Shem amecheka mpaka mlinzi yule yule akageuka.

Jumamosi, Flatford

Treni kutoka Liverpool Street hadi Manningtree kama saa moja hivi. Ukishuka usipande teksi, tembea. Njia inapita chini ya reli alafu inakushusha kandokando ya mto Stour karibu maili mbili, ng'ombe wamelala malishoni, matete, na mierebi imeinamia maji. Upande mmoja Essex upande wa pili Suffolk. Mto wenyewe ni mwembamba, kwetu wengine wangeuita kijito, na ndio maana nilitaka shem auone kwanza bila maelezo. Akauliza, "Huu ndio ulibeba mzigo wa kupeleka London?" Ndio huu huu.

Maana mto huu ulikuwa barabara. Sheria ya kuufanya upitike na vyombo ilipitishwa bungeni mwaka 1705, ikawekwa milango ya maji ya kuyapandisha na kuyashusha matishari, na mzee Golding Constable, baba yake John, akawa na mashine ya Flatford na baadae ya Dedham, akawa na matishari yake na hata jahazi dogo lililoitwa Telegraph likikaa Mistley mtoni kule chini, likipeleka unga na nafaka London. Matishari yalifungwa mawili mawili yakavutwa na farasi mmoja anaetembea ukingoni. Sasa shida ni kwamba ile njia ya farasi haikukaa upande mmoja wa mto, ikifika mahali inaishia na inaendelea ng'ambo, kwahiyo farasi anapandishwa juu ya tishari anavushwa kama abiria. Hiyo ndio picha yake The White Horse ya 1819, farasi mweupe kasimama ametulia ndani ya tishari, wanaume wanasukuma kwa pondo. Rafiki yake John Fisher aliinunua kwa gini 100, pesa ya zamani ya huko, na mwaka huo huo Constable akachaguliwa mwanachama mshiriki wa Royal Academy, ana miaka 43. Na kwakuwa wenye mashamba waliweka vizuizi ng'ombe wasipite, farasi wa matishari walifundishwa kuviruka, na hapo ndipo inapotoka The Leaping Horse ya 1825. Mtu asiejua mto anaona farasi mzuri anaruka, basi. Constable alikuwa anaona ratiba ya mzigo.

Flatford penyewe ni padogo mno. Daraja la mbao, nyumba iliyoezekwa kwa majani iliyo chini ya National Trust, taasisi ya kutunza maeneo ya kale, gudi, mashine, na nyumba ya Willy Lott, ile ya kushoto kwenye Hay Wain, basi, umemaliza kijiji. Gudi ndilo lililonishika mimi. Ni shimo tu lililochimbwa kando ya mto, mbao pembeni, lakini hapo ndipo mzee Golding alipokuwa anaundia na kukarabatia matishari, na mwaka 1814 John akaja na kanvasi yake akakaa hapa hapa akachora tishari likiundwa, karibu kazi yote akaifanyia nje juani badala ya kurudi nayo ndani, kitu ambacho enzi zile kwa picha ya kumalizia haikuwa kawaida. Ukiiona ile picha, mbele kabisa kuna vifaa vya fundi vimelala chini na chungu cha lami kinachemka. Yani amekupa hatua zote, mbao kwanza, alafu lami, alafu maji yaingizwe. Tulisimama pale ukingoni tukawa tunapanga na shem fundi alikaa wapi, moto uliwekwa wapi ili moshi usimfuate.

Jengo la mashine sasa linatumiwa na Field Studies Council kwa mafunzo ya mazingira, huingii tu hovyo, lakini maji yanapita na unayasikia. Shem akaegemea ukuta akafumba macho. Akaniambia baba yake hakuwa anaangalia mashine, alikuwa anaisikiliza, akiwa nje anaongea na wateja ghafla anakata maneno anaingia ndani, maana mlio umebadilika na mahindi yameisha kule juu yanapomiminwa na mawe yanaanza kulana yenyewe kwa yenyewe. Nikamtolea barua ya Constable ya 1821 aliyomwandikia Fisher, ninayo kwenye simu, anasema mlio wa maji yanayotoroka kwenye mabwawa ya mashine, mierebi, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi na kuta za matofali, anavipenda vitu hivyo. Na anaendelea kusema mazingira yale ndio yaliyomfanya awe mchoraji na anashukuru. Shem akaniomba nimtumie hiyo barua.

Alafu tukaenda kusimama pale pa Hay Wain. Nyumba ya Willy Lott ipo, kuta nyeupe na vigae vyekundu. Willy alikuwa mkulima, inasemwa aliishi humo zaidi ya miaka 80 na katika miaka yote hiyo hakuzidisha usiku nne za kulala mahali pengine. Miti imebadilika, ile mikubwa aina ya elm iliyojaa kwenye picha za Constable imekufa karibu yote nchi nzima kwa ugonjwa ulioenea miaka ya 1960 na 1970. Na eneo ni dogo kuliko picha, hilo litakushangaza, unaweza kurusha jiwe likavuka. Wapo wanaosema wakifika hapa wanavunjika moyo. Mimi ilikuwa kinyume chake kabisa. Picha yenye ukubwa ule aliitoa kwenye kona hii ambayo wengine wasingesimamia hata kufunga kamba za viatu! Wakati ule picha kubwa za namna hiyo zilikuwa za wafalme, vita na miungu ya Kigiriki, yeye akampa mkokoteni wa jirani ukubwa ule ule.

Tumelala gesti moja East Bergholt, miguu inawaka moto.

Jumapili, East Bergholt na Dedham

Asubuhi tumeamshwa na kengele. Na kengele za East Bergholt lazima niwaelezee, maana sijaona mahali pengine: kanisa la St Mary halikumaliziwa mnara wake, kwahiyo kengele zao 5 nzito kweli kweli zimewekwa chini, kwenye kibanda cha mbao ndani ya eneo la makaburi, kilichojengwa mwaka 1531 kwa muda tu na mpaka leo kipo. Hawavuti kamba. Wanasimama pembeni ya kengele wanaisukuma kwa mikono. Tumewakuta wakiwa kazini, mzee mmoja mwenye mvi kavaa vitu vya kuziba masikio, akipumzika akatuita tusogee karibu tuone. Constable alizaliwa hapa tarehe 11 Juni 1776, kwahiyo kelele hii ndio iliyomlea.

Makaburi ya wazazi wake yapo hapo hapo kanisani, na Willy Lott nae kazikwa humu. Nyumba waliyoishi, kubwa ya kitajiri katikati ya kijiji, ilishabomolewa karne ya 19, umebaki uzio na maandishi yanayosema ilikuwa hapa. Nyuma yake kuna mashamba, na ng'ambo ya mashamba ilikuwepo nyumba ya mchungaji wa parokia, Dr Rhudde. Na hapo ndipo ilipo hadithi ya Maria.

Maria Bicknell alikuwa mjukuu wa huyo mchungaji. Mwaka 1809 akaja kwa babu yake, John ana miaka 33, wakapendana. Babu akasema hapana, mtoto wa msaga ngano asiekuwa na kipato, na akatishia kumfuta Maria kwenye urithi. Wakakaa miaka 7 wanaandikiana barua. John akiwa nyumbani alikuwa anasimama dirisha la nyuma na kuchora yale mashamba kuelekea nyumba ya mchungaji, mara asubuhi, mara jioni, mara jua linazama, michoro midogo midogo mingi tu. Ukiiona kwenye makumbusho utasema ni mandhari. Ni mtu anaangalia nyumba ambayo mchumba wake anakujaga likizo. Baba yake alipofariki Mei 1816 akapata sehemu yake ya urithi, basi tarehe 2 Oktoba mwaka huo wakafunga ndoa London, kanisa la St Martin-in-the-Fields, rafiki yake Fisher, ambae alikuwa mchungaji, ndie aliyewafungisha, ndugu wa bibi harusi hawakutokea.

Mchana tukashuka Fen Lane kwenda Dedham. Hii ndio njia aliyokuwa anapita kila siku kwenda shule, na ndio njia ya picha yake The Cornfield ya 1826, yule mtoto kalala kifudifudi anakunywa maji ya kijito huku mbwa na kondoo wanamsubiri. Tuliiona Ijumaa kwa hiyo nilikuwa nayo kichwani. Njia inateremka, vichaka pande zote mbili, ghafla inafunguka unaona bonde zima. Kwenye picha mwisho wa njia kuna kanisa, usilitafute, halipo na halikuwahi kuwepo, mtoto wake mwenyewe ndie aliyekuja kusema. Shem hakupendezwa. Akasema kama mtu anasifiwa kwa kusema ukweli kwanini aongeze kanisa? Tumebishana mpaka darajani. Mimi nasema kwenye vitu vya kazi hakudanganya, gurudumu, mlango wa maji, wingu, ngano imeiva kiasi gani, huko alikuwa mkali, ila mnara wa kanisa alikuwa anauhamisha anapotaka, hata wa Dedham amewahi kuuhamisha ili picha ikae sawa.

Kuna jambo jingine ambalo shem alilisema kwa uchungu zaidi na hapo sikuwa na pa kumtetea. Vibarua. Miaka ile ile ya Hay Wain bei ya nafaka ilikuwa imeanguka, vita vya Napoleon vimekwisha, wanajeshi wamerudi hakuna ajira, vibarua wa Suffolk wana njaa wanachoma mazizi na marundo ya nafaka ya matajiri usiku. Constable alijua. Mwaka 1822 alimwandikia Fisher kwamba Abram hana raha na hali ya Suffolk, hakupiti usiku bila kuona moto, karibu au mbali. Huo moto haumo kwenye picha hata moja. Alikuwa mtoto wa mwajiri, mtu wa kihafidhina, aliogopa mageuzi ya bunge. Aliijua kazi vizuri mno na aliipenda, ila aliiangalia akiwa upande wa mwenye mashine, na mimi nadhani picha zake ni lazima uziangalie ukiwa na vyote viwili kichwani.

Dedham ni pazuri, wanakodisha boti za makasia na shule aliyosoma bado inaonekana. Kanisani wana picha yake ya Yesu akipaa mbinguni, moja kati ya picha 3 tu alizochora kwa ajili ya makanisa. Kwa kweli sio nzuri. Amechora mawingu vizuri, mwenyezi amemshinda.

Jumatatu

Mvua kutwa. Bank holiday, yani sikukuu ya mapumziko ya Waingereza, na mvua, hakuna cha ajabu hapo. Tumekaa gesti tunakunywa chai na kuangalia dirishani, na kusema kweli ilikuwa siku nzuri maana tuliongelea mbingu.

Constable kabla hajaruhusiwa kwenda kusomea uchoraji alifanya kazi kwenye kinu cha upepo cha baba yake hapa East Bergholt karibu mwaka mmoja. Alichonga jina lake kwenye mbao ya kinu, John Constable 1792. Sasa kinu cha upepo sio kama cha maji. Wingu likija na upepo wa ghafla na wewe hujageuza mapanga au kupunguza vitambaa vyake, kinavunjika au kinashika moto. Kwahiyo kijana wa kinu anasoma mbingu kwa sababu ni mali ya baba yake ipo hatarini. Shem anasema kwao ilikuwa umeme, ukiona taa inafifia unakimbia kuzima kabla mota haijaungua, na mpaka leo taa ikicheza moyo unaruka. Ndio hiyo hiyo, nikamwambia. Ndio maana baadae Constable aliandika kuwa mbingu kwenye picha ya mandhari ndio inayoongoza kila kitu na ndio kiungo kikuu cha hisia. Mchoraji Fuseli alikuwa akisema picha za Constable zinamfanya aulizie koti na mwavuli wake.

Jioni mvua ikapungua tukapanda treni kwenda Ipswich.

Jumanne, Ipswich

Christchurch Mansion, jumba la zamani ndani ya bustani ya umma, kuingia bure. Nimekuja kwa ajili ya picha mbili na nimekaa nazo mpaka mguu ukafa ganzi. Ni bustani za nyumbani kwao, ya maua na ya mboga, amezichora 1815 akiwa ghorofani. Ni ndogo, sentimita 33 kwa 51 hivi. Kwenye hii ya mboga unaona matuta yamepangwa, uzio, alafu mashamba yanapanda kidogo kidogo, na juu kabisa kwenye upeo, kushoto kinu cha upepo alichofanyia kazi, na katikati kwenye miti nyumba ya mchungaji. Kila kitu cha maisha yake kimo humo na hakuna kilichopigiwa kelele. Kivuli cha jioni kwenye ile ya maua kimelala juu ya nyasi.

Mama yake alifariki mwaka huo huo 1815, alianguka akiwa anahudumia bustani. Ndie aliyekuwa anamtetea kwa baba tangu mwanzo aruhusiwe kuchora. Hizi picha hakuziuza wala hakuzipeleka kwenye maonesho yoyote. Shem aliuliza kama zina jina la mama, hakuna. Alirudi kuziangalia peke yake wakati mimi naenda chooni na niliporudi sikumsemesha.

Jumatano, Hampstead na South Kensington

Hampstead ni mlima, ukitoka stesheni unapanda. Constable alianza kuipangisha familia huku kwa ajili ya Maria ambae mapafu yalikuwa yanamsumbua, hewa ya London ya makaa ya mawe ilikuwa inammaliza. Na hapa mwaka 1821 na 1822 akafanya kitu ambacho mimi nakiweka juu ya kila alichofanya: akawa anatoka kila akipata nafasi anachora mawingu tu. Hakuna mti, hakuna nyumba, mawingu matupu, karatasi moja baada ya nyingine, na nyuma ya karatasi anaandika tarehe, saa na upepo unatoka wapi. Moja ya hizo ni ya tarehe 5 Septemba 1822, saa nne asubuhi, anaangalia kusini mashariki, upepo mkali wa magharibi, mawingu ya kijivu yanakimbia juu ya tabaka la njano. Hata huwezi kutofautisha na daftari la mtu wa hali ya hewa. Tumekaa kwenye nyasi za Heath, ule uwanda wa wazi wa Hampstead, tukajaribu, shem anataja na mimi naandika, mawingu yalikuwa yanabadilika kabla sijamaliza sentensi na huyu jamaa alikuwa anapaka rangi ya mafuta!

Nyumba yao ya Well Walk namba 40 ipo bado. Walihamia 1827. Machi 1828 baba yake Maria akafariki akawaachia pauni 20,000, na Constable akamwandikia Fisher kwamba sasa atasimama mbele ya kanvasi ya futi sita akiwa na akili iliyotulia, ashukuriwe Mungu. Januari ya mwaka huo alikuwa amezaliwa Lionel, mtoto wao wa saba. Tarehe 23 Novemba Maria akafariki kwa kifua kikuu. John akamwandikia kaka yake kuwa uso wa dunia umebadilika wote kwake. Alivaa nguo nyeusi toka siku ile. Februari 1829 Royal Academy wakamchagua hatimae mwanachama kamili, kwa kura moja ya ziada, ana miaka 52, na mtu wa kumpelekea habari hayupo tena.

Kaburi lao liko kanisa la St John, kona ya chini kabisa chini ya miti, amelazwa nae humo baada ya kufariki usiku wa tarehe 31 Machi 1837. Ukifika mpitie na John Harrison, yule fundi wa saa aliyewapa mabaharia njia ya kujua longitudo, kaburi lake lipo kanisa hilo hilo.

Mchana tukamalizia makumbusho ya Victoria and Albert, South Kensington. Kabla ya kuchora zile picha kubwa za futi sita alikuwa anachora kwanza skechi yenye ukubwa ule ule kamili kwa ajili yake mwenyewe, gharama ya kanvasi nzima, na skechi ya Hay Wain na ya Leaping Horse zipo huku. Rangi imepakwa kwa haraka, sehemu nyingine kahawia ya chini imeachwa wazi, na kwenye Hay Wain hii pale mbele kuna mtu juu ya farasi, ambae kwenye ile ya National Gallery ameondolewa, kabaki mbwa. Shem anaipenda hii kuliko ile iliyokamilika. Mimi bado nipo na ile, lakini namwelewa.

Skechi nyingi za Constable zilizoko hapa Victoria and Albert, mawingu yakiwemo, ni zawadi ya Isabel, binti yake, aliyezitoa mwaka 1888 akiwa ndie mtoto wa mwisho aliyebaki hai kati ya wale 7. Watoto wale walikaa na hizo karatasi miaka 50 wakati soko lilikuwa linataka picha zilizokamilika na sio skechi. Kuingia ni bure, kwahiyo kama upo London au unapita tu kubadilisha ndege na una nusu siku, nenda, na ukifika kwenye mawingu geuza macho kwanza usome maandishi ya pembeni yanayokuambia ilikuwa saa ngapi na upepo ulikuwa wa wapi, alafu ndio uangalie picha.